Ngumi ya Mke Wangu

Mimi ni mchinjaji. Nalitanguliza hilo asije mtu akadhani anasoma maneno ya daktari au ya mwalimu. Shule niliishia darasa la tatu, vijijini upande wa Tinde, kwa sababu ng'ombe wa baba walitaka mtu wa kuwafuata na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Sikulia. Nilichonacho leo hapa Segese, bucha yenye vigae ukutani, nyumba ya bati, kisima kisichokauka, kimetoka kwenye mikono hii miwili na mikono miwili ya mke wangu. Jumla minne. Nitaeleza habari za mmoja katika hiyo minne, wake wa kulia, ulivyofunga na ulivyofunguka.

Habari za viungo siwezi kudanganywa. Nikikata mguu wa ng'ombe kwa ajili ya makongoro, pale chini ya goti, kano zinabaki zinaning'inia nje, nyeupe, ngumu kama mkonge uliolowana. Ukivuta ya nyuma, kwato zinakunjika. Ukivuta ya mbele, zinanyooka. Mwenye mguu kichwa chake kiko kwenye beseni na ulimi nje, lakini mguu wake ukiuvuta unaitika. Kuna mama mmoja mgeni wa mji alikimbia akaacha chenji. Kwa miaka mingi nilijua kwamba hayo ndiyo yote: kamba ya mbele, kamba ya nyuma, basi. Kumbe nilikuwa najua nusu.

Mke wangu nilimkuta maduarani. Duara ni lile shimo la kuchimbia dhahabu, na mimi nilikuwa mtu wa winchi. Winchi yetu haikuwa ya mashine. Ni gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, limezungushiwa kamba, na kila ncha ina mpini wa chuma. Mnasimama wawili, mmoja huku na mwingine kule, mnazungusha. Mnapandisha viroba vya mawe, mnateremsha watu. Kando yetu, chini ya turubai, walikaa wanawake wagongaji. Kila mmoja na nyundo yake, jiwe la kugongea, na kipande cha mpira wa tairi cha kuzuia vipande visimrukie machoni. Wanayagonga mawe mpaka yawe kokoto ndogo za kupeleka karasha kusagwa. Kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, ko, ko, ko, na vumbi jeupe limewakaa kwenye kope.

Jioni kulikuwa na utaratibu. Kila mgongaji, kabla ya kutoka, alipita kwa mlinzi wa mwenye duara. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vidole vimeachana. Mlinzi aliangalia kati ya vidole, akaangalia chini ya kucha, maana kipande cha jiwe zuri hakihitaji nafasi kubwa. Akiridhika alisema maneno yale yale kila siku: "Hana kitu. Apite." Wanawake wengi waliona wanadhalilishwa, na walikuwa na haki. Mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa mke wa mtu, alikuwa anaifyatua mikono kabla hajaambiwa, mpaka mlinzi anarudi nyuma.

"Tazama vizuri," alikuwa anamwambia. "Kesho usije ukaniambia habari nyingine."

Nilimpendea hapo. Sura alikuwa nayo, lakini nilimpendea hapo.

Tulipotoka maduarani mimi nikaingia kwenye nyama, yeye akaendelea kugonga mawe miaka mingine mingi, mpaka nikiwa na bucha tayari. Nilimwambia aache. Alinijibu, "Wewe chinja, ngosha, mimi niache nigonge." Ngosha kwa Kisukuma ni mwanaume, na akiniita hivyo nilijua mazungumzo yamekwisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Ukimsalimia unajiuliza umeshikana na nani.

Kiharusi kilimkuta asubuhi anapepeta mchele. Nilisikia ungo unaanguka. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, na ananitazama kwa hasira kama mimi ndiye niliyemsukuma. Hospitali walimpokea, walimtunza, wakaturudishia mtu mzima nusu. Mguu wa kulia ulikuwa mzito. Mkono wa kulia ulilegea kabisa, kama ngozi iliyotoka kuchunwa sasa hivi. Ukiuinua na kuuachia, unaanguka.

Tukakaa tunausubiri. Siku moja binti yetu mkubwa, aliyekuja kumuuguza, akaniita akinionyesha: vidole vimejikunja kidogo. Baada ya hapo mkono ukaanza kurudi, au ndivyo tulivyosema. Kiwiko kikakunja. Kifundo cha mkono kikainama. Vidole vikaingia ndani ya kiganja, na dole gumba likaingia chini ya vidole. Kila kilichokunja tukakishangilia. Mkono uliokuwa umekufa sasa unashika. Nani asingefurahi?

Jirani yetu, mgongaji mwenzake wa tangu zamani, mwanamke mwenye mdomo ambao hata mimi huupisha, akaja na mpini wa nyundo. Ule ule wa mke wangu, aliouokota nyuma ya nyumba, ameung'oa kichwa cha chuma.

"Mnamhangaisha na vijiko," alisema. "Mkono wa mgongaji unajua kijiko? Mpeni kitu unachokijua."

Akauchomeka mpini ndani ya ngumi. Vidole vikaukamata. Tukauvuta, hautoki. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaagiza maini kutoka bucha wakaangiwe wote waliokuwepo. Tangu siku ile kila mgeni aliyekuja kumpa pole alialikwa kuuvuta ule mpini. Wanaume wazima walivuta wakashindwa.

"Shemeji," jirani aliniambia, "huyu siku akikushika shingo, tunakuja kwako na matanga."

Mke wangu alicheka kwa nusu ya mdomo. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, moja moja, lakini alisema, "Akorofishe tu." Alilala na mpini, akaamka nao. Hatukuutoa, maana ilikuwa kama kuutoa ni kumnyang'anya.

Ikaja harufu. Mimi nimeishi na harufu ya nyama, najua ya asubuhi na ya jioni, najua ya friji iliyokatikiwa umeme. Ile sikuwahi kukutana nayo kwa mtu aliye hai. Ilitoka ndani ya ngumi. Nikasema basi, tuutoe tumwoshe. Nikashika mpini nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyokaza. Nikashika vidole nikaanza kuvibandua kimoja kimoja, kama ninavyotoa ukwato, na mke wangu akatoa sauti ambayo naijua, kwa sababu nimeisikia kila siku ya kazi yangu. Nikaacha. Nikatafuta gari tukaenda Shinyanga.

Pale hospitali tulipelekwa chumba cha mazoezi ya viungo. Mhusika alikuwa binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu, amevaa raba.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Huo mti umekaa humo tangu lini?"

"Tangu alipopata nguvu," nilisema.

"Nani amekuambia ni nguvu?"

Nilimwona hana adabu. Alivuta kigoda akakaa mbele ya mke wangu na wala hakuugusa mpini. Alichukua kile kifundo cha mkono ambacho kilikuwa kimeinama tayari, akakiinamisha zaidi, kuelekea kiganjani, taratibu, akatulia. Nikataka kumwambia anakosea njia, sisi tunataka ufunguke, yeye anaukunja. Akatulia tu. Kisha akalishika dole gumba pale shinani, akalitoa nje. Vidole vikalegea. Mpini ukaanguka sakafuni ukabingirika mpaka kwenye kiatu changu.

Kiganja kilikuwa cheupe kama utumbo uliooshwa. Katikati palikuwa na matundu ya kucha, na matundu yalikuwa na usaha. Nilitazama dirishani.

"Nimechinja ng'ombe kabla hujazaliwa," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka ajue anaongea na nani.

"Basi utanielewa haraka," alisema, huku anasafisha. "Ukikunja kwato za ng'ombe, kano ya nyuma inakuwaje?"

"Inalegea."

"Ndicho nilichofanya. Kano za vidole zinapita hapa, kwenye kifundo. Nikikiinamisha, njia yake inakuwa fupi, zinapata nafasi. Wewe ulikuwa unavuta kidole, na msuli ukivutwa kwa ghafla, nao unavuta. Msuli haujui kazi nyingine."

Nikamwambia unajua pia kusukuma. Nikasukuma meza yake kumwonyesha, ikasogea.

"Meza imesukumwa," alisema, "lakini msuli umevuta. Jishike nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Usukume tena."

Nikajishika. Kweli, nyama ya nyuma ilikaza, ikakivuta kiwiko kikanyooka. Ya mbele ilikuwa laini. Nikakunja mkono, zikabadilishana. Miaka yote hii nimezikata nyama hizo, naziita kwa majina ya bucha, najua ipi ya kuchoma na ipi ya kuchemsha, sikuwahi kujiuliza zinaishije pamoja.

"Hakuna msuli wa kusukuma mwilini mwote, baba. Kila mmoja anavuta, kisha anaachia. Ndiyo maana kila kiungo lazima kiwe na wa huku na wa huku. Mmoja akivuta, mwenzake anaachia. Na wengine kazi yao ni kushikilia tu, kiungo kisiyumbe. Ukishika kikombe, wa kukunja vidole wanavuta, wa nyuma ya mkono wanakikaza kifundo kisianguke. Watu wengi wanafanya kazi ili wewe unywe chai."

"Na huyo anayeachia, analala?"

"Halali. Anaachia kidogo kidogo. Akiachia ghafla, chai itakuja usoni."

Hapo ndipo aliponipata. Nikamweleza habari za winchi. Kumpandisha mtu kutoka shimoni ni nguvu tu, mjinga yeyote ataweza. Kumteremsha ndiyo kazi. Mnazungusha kinyume huku mmeushikilia uzito wote, mnaitoa kamba kama mtu anayetoa siri. Niliwahi kusimama winchi na mtu ambaye mkono ulimteleza akaachia. Mpini wa upande wangu ulizunguka ukanipiga mbavu, nikaanguka, na kamba ikaenda yote. Aliyekuwa chini ya kamba alikuwa anaimba. Tulimsikia anaimba, kisha hatukumsikia. Mpaka leo upande huu wa mbavu ukinigusa nashtuka.

Binti aliacha kusafisha akanisikiliza. Kisha akasema, "Kwa mama ni kinyume chake. Anayevuta yupo kazini, hachoki. Amri ya kuachia ndiyo haifiki. Ilikuwa inatoka kichwani, na kichwani ndipo palipoumia."

"Na wa kunyoosha?"

"Wapo, hawajafa. Wanazidiwa na wasioachia. Na mlipompa mti aufinye, mliwaongezea wenye nguvu."

Nikamuuliza mkono utarudi au hautarudi, anijibu bila kuzunguka. Akasema kwa muda uliopita hawezi kuniahidi. Kazi yetu sasa ni kiungo kisigande. Kila siku tuufungue kwa njia ile, tuuoshe, tuunyooshe polepole, tukate kucha. Tukiacha, kano zitafupika, na zikishafupika hapana wa kuzirefusha.

Sasa mke wangu akasema, neno moja moja, "Na nikifa?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimekuuliza."

Binti aliniangalia mimi. Nikamwambia amjibu, ndivyo alivyo.

"Msuli ukifa unaachia," alisema. "Kano iliyofupika haiachii."

Kilichobaki nilikijua mwenyewe, kwa sababu kiko kwenye kazi yangu. Nyama ya mnyama aliyekufa sasa hivi ni laini, hata inatetemeka ukiitundika. Ukiiacha kidogo inakaza, na ilivyokaa wakati inakaza ndivyo itakavyobaki. Mguu ulionyooshwa unakaza umenyooka. Mguu uliokunjwa unakaza umekunjwa.

Njiani kurudi, dereva amesimama kutia mafuta, mke wangu akanigusa kwa mkono wa kushoto.

"Sitaki kwenda nimefumba."

"Kwenda wapi?"

"Huko. Wataniuliza nimebeba nini."

"Nani atakuuliza? Acha upuuzi."

"Atakayekuwa mlangoni." Akapumzika, maana sentensi ndefu zilimchosha kama kupanda kilima. "Mimi nafungua kabla sijaambiwa. Unajua."

Nilijua. Yeye ni Mkatoliki wa kubatizwa, mimi sijui ni nani, sala zangu nyingi nimezisema shimoni, lakini siwezi kumcheka mtu kwa kumwogopa mlinzi. Nikamwambia hutakwenda umefumba. Nikampa neno. Tukaondoka.

Basi ikawa kazi yangu. Binti yetu alitaka aifanye yeye, nikakataa, mimi ndiye niliyeuacha mpini ushinde humo. Nilikuwa nafungua bucha, nakata ya asubuhi, namwachia kijana wangu wa kazi panga na mizani, narudi nyumbani. Nakaa na beseni la maji ya uvuguvugu. Nainamisha kifundo. Nasubiri. Natoa dole gumba kutoka shinani. Nasubiri. Kufungua vidole kwa mtu kama mimi ni adhabu, kwa sababu kila nilichokipata maishani nilikivuta, na hapa ukivuta umeharibu. Wakati mwingine nilisahau nikaharakisha, na ngumi ikanifungia vidole vyangu ndani.

"Unachuna?" aliniuliza.

"Nyamaza, mayu," nilimwambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Achia."

"Ningekuwa naweza kuachia ungekuwa hapa?"

Jirani alipita akatukuta hivyo, tumeshikana mikono uani kwenye beseni. "Haya, shemeji. Uchumba umeanza uzeeni." Nikamwambia aende akagonge mawe. Lakini alikuwa anakuja kila siku, na mpini wa nyundo aliuchukua akaenda nao kwake. Hakuusema tena, wala sisi hatukumuuliza.

Siku moja nilimletea mguu wa ng'ombe kutoka bucha. Nikauweka kwenye mkeka, nikamwonyesha kano ya mbele na ya nyuma. Akaishika ya mbele kwa mkono wa kushoto akavuta. Kwato zikanyooka, zikaachana. Akavuta tena. Akavuta mpaka nikaona nimefanya kosa kuuleta.

"Huyu amekufa," alisema, "na anatii kuliko mimi."

Akataka ajaribu. Nikaukalisha mkono wake wa kulia juu ya paja langu, nikamwambia haya, fungua. Alikaza macho. Nikaona, juu ya mkono, nyuma kuelekea kiwikoni, zile nyuzi za kunyoosha zimesimama chini ya ngozi. Binti wa Shinyanga hakunidanganya, walikuwepo. Zilisimama zikatetemeka, kidole cha shahada kikainuka kiasi cha kupitisha karatasi. Upande wa chini nao ukasikia kuna kazi, ukavuta. Ilikuwa kama kufunga ng'ombe wawili nira moja, huyu ameelekea Mhunze na huyu Geita. Mkono mzima ukatetemeka na wala haukwenda popote, kisha ngumi ikafunga kuliko mwanzo. Machozi yalimtoka macho yote mawili, upande mzima na upande mbovu. Nikauondoa mguu wa ng'ombe nikawapelekea mbwa. Makongoro sikula tena, ingawa nauza.

Hatukujaribu tena. Tulifungua, tukaosha, tukafunga. Kiganja kilipona, matundu yakawa makovu. Nilikuwa nampitishia kidole kila siku kupima: kiungo hiki kinakwenda, hiki kinakwenda, hiki kinakuwa kigumu, leo tukae nacho zaidi. Yeye mwenyewe alipungua. Mguu ukakataa kabisa. Chakula akakikataa, kisha maneno. Ikafika wakati akawa anazungumza na mimi kwa macho na kwa mkono wa kushoto tu, ambao ulikuwa unapapasa ule wa kulia kama mtu anayekagua mlango kama umefungwa.

Siku aliyokufa hakutaka uji. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilikaa na beseni kama kawaida, nikauingiza mkono wake majini, nikakiinamisha kifundo, nikawa nasubiri. Ngumi ikaachia. Sikuwa nimegusa dole gumba. Iliachia yenyewe, ndani ya mikono yangu, vidole vikaelea vikaachana majini, laini, kama vya mtoto anayenyonya akashiba. Nikafurahi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi, nikasema, "Mayu, tazama." Nikainua kichwa kumwangalia, na hapo ndipo nilipojua. Mkono uliniambia kabla ya pumzi.

Binti yetu alikuja, akapiga ukunga, majirani wakajaa. Mimi sikuinuka. Nilimwambia aniletee kitambaa kikavu na kile kibao kidogo cha kukatia mboga. Nikakausha mkono. Nikauweka juu ya kibao, kiganja juu. Nikanyoosha vidole, nikaviachanisha, nikaviwekea vyangu juu yake, nikabana. Si kwa nguvu, maana havikuwa vinapigana na mtu.

Jirani akaja na wanawake wa kumwosha. Walikuwa na ndoo na kanga.

"Shemeji, inuka. Sasa ni kazi yetu."

"Fanyeni. Huu mkono niachieni."

"Umeona wapi maiti ya mwanamke inaoshwa mume amekaa katikati?"

"Leo mmeona."

Mmoja akasema nimechanganyikiwa, waite wanaume wanitoe. Jirani alitazama kile kibao. Alitazama vidole vyangu juu ya vidole vya mke wangu. Sijui kama alielewa habari ya nyama inavyokaza, lakini kiganja kilichonyooshwa namna ile alikuwa amekiona kila jioni ya ujana wake. Akawaambia wenzake, "Mwosheni kwa huku. Mzungukeni." Wakamwosha wakinizunguka, wakanimwagia maji magotini.

Kulikuwa na joto. Nilisikia kukaza kunakuja kama ninavyokujua, taya kwanza, halafu shingo. Nje watu walikuwa wanafunga turubai, wanaulizana kuni. Mtu alikuja mlangoni kuniuliza ng'ombe wa msiba achinjwe yupi, nikamwambia wachague wenyewe. Mgongo uliniuma. Mbavu zangu za winchi ziliniuma. Sikubadilisha mkono. Mchana ukapita hivyo, na jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la nyuma, vidole vyake vikawa vigumu chini ya vyangu, kimoja baada ya kingine, vimenyooka.

Sikuachia ghafla. Niliinua kidole kimoja nikatazama. Nikainua kingine. Nikatoa kidogo kidogo, mpaka mkono wangu ukawa juu na wake ukabaki chini peke yake, juu ya kibao, umefunguka.

Jirani alipiga goti. Akausogelea, akatazama kati ya vidole vyote, akatazama chini ya kucha, ambazo nilikuwa nimezikata mwenyewe juzi yake. Hakuharakisha.

"Hana kitu," alisema. "Apite."

Nilijaribu kuinuka nikashindwa, binti yangu akanishika kwapani. Nje walininawisha, wakanipa kikombe cha chai. Sikuweza kukipokea. Vidole vyangu vilikuwa vimenyooka vikakataa kukunja. Nilisimama pale uani na mkono wangu umefunguka mbele ya watu, nikawa nasubiri uachie.